Uso wa Chini ya Ua

Ukitaka Saquina akununie siku nzima, mwite mpiga picha. Kupiga picha, atakwambia, anaweza kila mwenye simu, hata mbuzi akionyeshwa mahali pa kubonyeza. Yeye kazi yake inaanza pale wenzake wanapomaliza. Akishaletewa arusi ndani ya flashi, anajifungia siku tatu nne kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake pale Palma, na arusi inapotoka humo inakuwa imevikwa. Mioyo inapanda juu kama mapovu ya sabuni. Vumbi la dhahabu linamwangukia bibi arusi mabegani. Njiwa wawili wanaruka toka kona hii ya kioo hadi ile wakivuta utepe wenye majina ya maarusi, na mwishoni mwa utepe kuna namba ya simu ya Saquina, maana biashara haijitangazi yenyewe.

Watu wa Palma wanayapenda mambo hayo, nami sioni wanakosea wapi. Mji uliokimbiwa na watu wake wote, ukarudiwa kidogo kidogo, nyumba hii ina paa na ile ya pili haina, una haki ya kuongeza njiwa kwenye arusi zake. Asiyetaka asitazame.

Lakini pambo lililompa Saquina jina ni ua. Arusi ya huku ina saa zake za wanawake peke yao. Mlango wa uani unafungwa, mitandio inavuliwa, na kina mama wanacheza wanavyojua, kwa kuwa hakuna jicho la mwanamume. Mwenye kushika kamera humo ndani lazima awe mwanamke, na mwenye kuihariri video hiyo lazima awe mwanamke vile vile. Halafu ndugu walioko Mtwara, Pemba na Nampula nao wanataka kuona, na simu ya mtu haina mlango. Kwa hiyo kwenye nakala inayotoka nje, kila mwanamke aliyekuwa kichwa wazi anafunikwa uso kwa waridi jekundu. Si la kubandika tu likaganda. Linachanua na kufumba, linachanua na kufumba, na linamfuata mwenye uso popote anapokwenda. Akiinama, ua linainama. Akizunguka na ngoma, ua linazunguka naye.

Kulifanya ua limfuate mtu ndiyo kazi yenyewe. Kompyuta ya Saquina ilikuwa ya zamani, ukiiambia ifuate uso yenyewe ilikuwa inaishia kufuata sufuria. Basi alilisogeza ua kwa mkono wake, fremu kwa fremu, na hakuna mume hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba mke wake ameonekana. Wakamwita Saquina wa Maua, naye akajifanya hapendi.

Kazi hii aliianza na mumewe, Abudo. Abudo alikuwa upande wa wanaume, Saquina upande wa wanawake, na jioni waliziunganisha arusi zao mbili zikawa moja. Abudo hakuwa mtu wa haraka. Kabla ya kila arusi alijisimamisha mwenyewe mbele ya kamera kupima mwanga, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akatazama juu, akatazama chini, halafu akasema, "Mwanga upo. Anayekosekana ni bwana arusi mzuri kama mimi." Saquina alimwambia kila mara afute upuuzi huo, diski inajaa. Hakufuta.

Mwaka 2021, mji ulipovamiwa na wapiganaji wa porini, walipotezana ufukweni katika msukumano wa watu. Saquina alijikuta ndani ya boti moja, na Abudo, kwa walivyosema watu, alipanda nyingine, ile iliyozama kabla ya kufika mdomo wa Rovuma. Maiti tatu ziliokotwa, ya Abudo haikuwamo. Ila palikuwa na mtu aliyeogelea akapona, na mtu huyo aliapa kwamba alimwona Abudo akienda chini na mkoba wa kamera shingoni. Kule Mtwara, kwa ndugu wa mama yake, shehe aliusikiliza ushahidi ule akasema unatosha. Saquina akakaa eda miezi minne na siku kumi, hitima ikasomwa, na yeye akamlilia mumewe mpaka machozi yakamchoka. Alichookoa nyumbani kwake ni diski moja ya kazi aliyojifunga nayo kiunoni. Miaka miwili baadaye alirudi nayo Palma, akafungua chumba cha mbele, akaanza upya.

Sasa, nyuma ya nyumba yake anakaa mama mmoja mtu mzima, Mwanvua. Mwaka huu, baada ya Idi, Mwanvua alimwoza binti yake Zulfa. Arusi ilikuwa nzuri, wali ulitosha na watu wakabeba. Kesho yake Mwanvua alikuja kwa Saquina asubuhi mapema, akakataa kiti, akasimama mlangoni akishikilia pindo la mtandio.

"Mwanangu," alisema, "ukiitengeneza ile video, yule kijana mfunike."

"Kijana gani, mama Zulfa?"

"Unamjua."

Alimjua. Mtaa mzima ulimjua. Sadique, mtoto wa kwanza wa Mwanvua, alipotea miezi saba mwaka ule wa pili wa vita. Alichukuliwa au alikwenda kwa miguu yake, hata mama yake hakumuuliza. Alirudi amekonda, mguu mmoja haukanyagi sawasawa, na maneno yake yote ameyaacha huko porini alikotoka. Mtaa ulijua alikokuwa, na mtaa ukaamua haujui. Akapelekwa Olumbi kwa mjomba wake kulima mihogo, na huko ndiko alikokaa kimya, mpaka arusi ya dada yake ilipomtoa. Alisimama na wanaume wenzake kwenye nikaha msikitini, kanzu nyeupe, mkono mmoja begani kwa bwana arusi, akicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Saquina akamwekea ua. Alilifanya kwa upendo, alilisogeza taratibu, halikumwachia Sadique hata ncha ya sikio. Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu aliyeizoea mno kazi yake. Miaka yote alifunika nyuso za wanawake, na ua juu ya uso wa mwanamke huku halina mwenye kuliuliza. Hakufikiri kwamba upande wa wanaume hafunikwi mtu. Wanaume thelathini wamesimama pale nyuso wazi, na mmoja tu kati yao ana waridi linalochanua na kufumba. Ukiitazama video ile jicho lako linakwenda kwake kabla halijamwona bwana arusi.

Video ilitoka Jumapili. Ikaenda Mtwara, ikaenda Pemba, ikarudi, ikaingia kwenye simu za watu ambao hata Zulfa hawamjui. Wiki iliyofuata, Jumatatu baada ya adhuhuri, mtu alibisha hodi kwa Saquina.

Alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, sauti ya chini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Palikuwa na viti viwili, kimoja kinaelekea kompyuta na kingine kinaelekea mlango, na alichagua kile cha mlango. Akatoa simu, akaiweka juu ya meza, na Saquina akaiona nikaha ya Zulfa imesimamishwa pale pale ua lilipochanua.

"Kazi yako nzuri, dada," alisema.

"Ahsante."

"Hasa hili ua. Huyu ndugu yetu ana nini hata afunikwe?"

"Wenyewe walitaka hivyo. Kuna watu hawapendi picha."

"Wanaona picha haramu?" aliuliza, akatabasamu.

Saquina aliliona swali lile lina midomo miwili. Akisema ndiyo, mwenye kuandika ataandika. Akisema hapana, mwenye kukasirika atakasirika. Akasema yeye ni fundi, anafanya anachoambiwa, wateja hawamwelezi mioyo yao.

"Sawa kabisa. Sasa nieleze kwa ufundi. Ua hili ni kitu cha juu, si ndiyo? Uso wenyewe uko chini yake."

"Ndiyo."

"Basi ninaomba ile isiyo na ua. Nitapita Alhamisi, baada ya alasiri."

"Na kama nilishaifuta?"

"Utakuwa hujaifuta," alisema bila ukali wowote. "Na kama umeifuta haidhuru, nitakwenda kumuuliza mama wa bibi arusi. Si yule anayekaa hapo nyuma? Nimemsalimia nilipokuwa ninapita."

Akavaa viatu vyake akaenda. Hakusema jina, wala Saquina hakuuliza, maana siku hizi jina la mtu wa namna hiyo ni mzigo ambao hutaki kuubeba wewe. Alibaki akitazama mlango. Hakujua mtu yule ni wa upande gani. Askari wasio na sare wanakuja hivyo hivyo, wapole, na maswali yao mfukoni. Wale wa porini nao wakiingia mjini wanakuja hivyo hivyo. Kwa Sadique ilikuwa mamoja. Wa kwanza wangemchukua kwa sababu alikwenda, na wa pili wangemchukua kwa sababu aliondoka.

Alipita mlango wa uani, akamkuta Mwanvua anapepeta mchele. Alimweleza yote bila kupunguza. Mwanvua aliuweka ungo chini polepole, asije akamwaga.

"Si ufute, mwanangu. Futa kila kitu."

"Nikifuta atakuja kwako, mama. Ameniambia kwa kinywa chake."

"Basi Sadique aondoke."

"Aende wapi?"

Barabara zote zinauliza hati na jina, na kijana mwenye mguu ule anakumbukwa kila anapopita. Walikaa pale wawili. Kuku walikuja kula mchele wa ungo na hakuna aliyewafukuza.

Saquina ndiye aliyelisema, na alilisema akitazama chini. Mtu yule anataka uso. Atapewa uso. Kama ua linaweza kumfuata mtu fremu kwa fremu, basi na uso wa mtu mwingine unaweza kumfuata. Unaukata kutoka video nyingine, unauweka juu ya uso wa Sadique, unazilainisha kingo zake, unaulinganisha na mwanga, kisha unaliondoa ua. Mwenye kutazama ataona mtu kamili, kichwa na kanzu yake, na hatajua kwamba bado anatazama kitu cha juu.

"Uso wa nani?" Mwanvua aliuliza. "Utamtoa mtoto wa nani?"

"Simtoi mtoto wa mtu. Namtoa Abudo."

Mwanvua alimshika mkono. "Watu watamtambua, mwanangu."

"Wakimtambua watasema amekufa. Watasema fundi amechanganya mafaili yake ya zamani. Maiti haitafutwi na mtu, mama Zulfa. Yeye peke yake ndiye hawawezi kumfanya kitu tena."

Mwanvua alilia. Alisema Mungu atamlipa, alisema na Abudo huko aliko atasamehe, alisema maneno mengi ambayo mama husema mtoto wake anaposhikwa shati akiwa ukingoni. Saquina alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, akaichomeka diski ya zamani.

Hakuwa ameifungua tangu arudi. Alijua kilichomo, ndiyo maana. Palikuwa na majaribio ya mwanga kumi na moja, Abudo kumi na moja, na katika kila moja kichwa kinageuka kushoto, kulia, juu, chini, kama vile mtu yule miaka yote alikuwa anajitayarisha kwa kazi hii. Saquina alichagua lile ambalo kivuli kilianguka upande ule ule wa kivuli cha msikitini. Halafu akaanza kumkata mumewe kutoka kwenye ukuta uliokuwa nyuma yake.

Siku mbili alifanya hivyo, Jumanne na Jumatano. Mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii hajui maana yake. Kila sekunde ina fremu ishirini na tano, na katika kila fremu unaupita ukingo wa uso kwa mkono: taya, shavu, sikio, mahali nywele zinapoanza. Saquina alimpita Abudo usoni mara mia kadhaa. Alisahau mara mbili kwamba amekufa, akamwambia, "Tulia basi," kama zamani. Mara moja akacheka. Kisha alijikuta amekaa mikono mapajani, na hofu imemwingia asijue imetoka wapi. Marehemu aliyesomewa hitima, mtu anayeombewa dua kila Ijumaa, yeye anampa kanzu ya mtu na kumsimamisha arusini. Alinyanyuka akatia udhu, akasali, akarudi kwenye kiti.

Alhamisi asubuhi kazi ilikwisha. Aliitazama mara ishirini akitafuta kosa. Abudo alisimama kati ya wanaume wa mwaka huu, mkono begani kwa bwana arusi ambaye hakuwahi kumjua, akitabasamu lile tabasamu lake la kujisifu. Hakikuonekana kiungio. Saquina alimwita Mwanvua aje aone, na Mwanvua alipoona alijifunika uso kwa mtandio akatoka. Uso wenyewe wa Sadique, ule wa chini kabisa, Saquina aliufuta, akafuta na nakala, akaitoa diski akaifukia kwenye gunia la mkaa.

Mtu yule alikuja alasiri ilipokwisha, kama alivyosema. Viatu mlangoni, kiti kile kile. Saquina alimgeuzia kioo cha kompyuta ili asisimame nyuma yake.

"Huyo hapo," alisema. "Ni mgeni, alikuja na watu wa bwana arusi. Nadhani ni wa Nampula, alirudi kwao siku ile ile. Mimi simjui."

Mtu yule aliinama kutazama. Alitazama muda mrefu, akaomba arudishiwe nyuma, akatazama tena. Anatafuta kiungio, Saquina alifikiri. Ameona taya. Ameona kivuli.

"Wa Nampula," mtu yule alisema. "Hapana, dada. Huyu namjua."

Saquina aliisimamisha video.

"Huyu ni Rama. Fundi wa redio na simu, yuko Namoto, pale penye kivuko. Ijumaa iliyopita tumekula naye sahani moja." Aligusa kioo kwa kidole, pale kwenye shavu. "Sasa ana ndevu, na amekonda. Lakini macho ndiyo haya."

Kuna habari ambayo mtu akiletewa nyumbani angepiga kelele, angeanguka, majirani wangekuja na maji. Saquina aliletewa habari hiyo na mtu ambaye mbele yake hakuruhusiwa hata kupepesa. Alishika ukingo wa meza kwa chini, mahali pasipoonekana. Abudo yu hai. Yu hai Namoto, mahali ambapo gari linafika kabla ya adhuhuri. Miaka minne. Furaha ilimpanda kifuani kama maji ya moto, na nyuma yake ikaja hasira: kwa nini hakurudi? Alidhani mimi ndiye niliyekufa? Au amepata mwingine? Na kabla hasira haijamaliza kupanda, likaja la tatu, likawafukuza wenzake wote wawili. Lilikuwa kujua alichokifanya kwa siku mbili zile, kwa mkono wake, fremu kwa fremu.

"Ajabu yake ni moja," mtu yule aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Rama alituambia ametokea Kilwa. Alisema Palma hajawahi kuishi wala hana anayemjua. Tukamwamini, tukamwachia simu zetu anatutengenezea. Kumbe arusi za Palma anakuja, anashika watu mabega, na anafunikwa uso asionekane." Akamgeukia Saquina. "Una hakika ndiye? Hujanichanganyia kitu hapa?"

Nyuma ya ukuta Mwanvua alikuwa anafagia uani. Alikuwa anafagia mahali pamoja, ufagio ukienda na kurudi, na Saquina alijua kwamba anasikiliza.

Jibu lilikuwa moja kati ya mawili. Akisema hapana, si yeye, nimeweka uso wa mtu mwingine, swali linalofuata ni aliyekuwa pale ni nani, na ufagio ule utasimama. Akisema ndiyo, basi.

"Ndiye," alisema.

Mtu yule alitikisa kichwa, akaomba video iingizwe kwenye simu yake. Saquina akaiingiza. Mikono yake ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo alilokuja kulichukia baadaye. Mamia ya maswali yalikuwa yamemjaa kinywani, na katika yote hayo aliweza kuuliza moja tu ambalo mtu yeyote angeweza kuuliza.

"Ni fundi mzuri?"

"Sana. Hana haraka. Ila ukimpa simu ukimwambia akupige picha, anakataa. Anasema kamera hajui hata inashikwaje."

Akashukuru, akavaa viatu vyake, akaenda.

Mwanvua aliingia akamkumbatia Saquina, akambusu mikono, akasema umenirudishia mwanangu. Saquina alimwacha aseme. Asingeweza kumwambia. Ukimwambia mama mwenye furaha namna ile kwamba bei yake imelipwa na mtu aliye hai, unampa nini? Alisema amechoka, akafunga mlango.

Ijumaa asubuhi alikuwa stendi kabla jua halijapanda vizuri. Namba ya Rama wa Namoto hakuwa nayo, wala mtu wa kumpigia kule hakuwa naye. Njia ilikuwa moja, chapa ya saa kumi na mbili, gari pekee linalokwenda upande huo kwa siku. Atafika, atamtafuta kivukoni, atamwambia vuka sasa hivi, vuka uende Tanzania, mengine tutasema baadaye. Alikuwa na mkoba mdogo, na ndani yake nguo moja na mkate. Aliinua mguu kupanda, na mtu akamnyooshea mkono kumsaidia.

"Dada wa maua," mgeni wake wa jana alisema, akasogeza begi lake kumpisha. "Safari ya wapi?"

Saquina alipanda, akakaa.

"Kionga," alisema. "Kwa shangazi yangu."

"Vizuri. Mimi ninakwenda mbele kidogo."

Kwenye kizuizi askari walishusha watu wote, wakatazama hati, na ya mtu yule wakaitazama wakamrudishia kama walivyowarudishia wengine. Saquina alihesabu vijiji. Alifikiri atajifanya amelala, apitilize. Alifikiri atasema shangazi amehamia Namoto. Lakini mtu akikuona unang'ang'ania kufika mahali anapokwenda yeye, naye anakwenda kwa mtu mmoja tu, hana haja ya kuuliza zaidi. Atajua Rama ana mke. Atamfuata Saquina hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na atawapata wote wawili kwa safari moja.

Kionga ilipotokea hakuwa ameamua bado. Mtu yule ndiye aliyepiga bodi ya gari kwa kiganja.

"Dereva, kuna mama anashuka hapa."

Gari likasimama. Akampokea mkoba, akamsaidia kushuka, akamrudishia mkoba wake. "Msalimie shangazi," alisema. Gari likaondoka kuelekea Namoto, na Saquina akasimama kando ya barabara katika kijiji ambacho hakuwa na shangazi, akilitazama mpaka lilipopinda.

Palikuwa na mama anauza mihogo ya kuchemsha chini ya bati. Saquina alimwendea, akamuuliza gari jingine la Namoto linapita saa ngapi.

"Limeshapita hilo, bibie. Jingine kesho."

"Pikipiki je?"

"Ijumaa hii? Vijana wote wameshaenda mjini. Na kwa miguu utaliona jua likichwa ukiwa njiani." Yule mama alimtazama vizuri, akaona sura yake ilivyokuwa. "Una mtu huko?"

"Mume wangu."

"Basi tulia," mama yule alisema, akasogea kumpisha kivulini. "Kama ni mumeo, atakungoja."